Toa Jiwe

9 Februari 1997

Kwa mdogo wangu Honi,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako tu. Leo naigeuza. Wewe najua ni mzima, maana mgonjwa hukumbuka kwao. Hofu na mashaka yamebaki huku, na mwenye nayo ni mimi.

Habari za nyumbani ni hizi. Bati la juu ya cherehani limetoboka, kwa hiyo mvua ikinyesha nashona nimekaa upande kama mtu anayesengenya. Yule kuku mwekundu mtundu amehamia ndani ya lori la Baba, anataga chini ya usukani. Baba mwenyewe mwili hana neno. Anakula, anaoga akibembelezwa, na siku nyingine ananijua kabisa, ananiambia nimenenepa.

Tabu ni lori. Unakumbuka injini aliiuza mwenyewe, mwaka ule alipokatazwa kuendesha kwa sababu ya macho, na matairi yote yameisha upepo. Sasa tangu mwaka jana akili yake imerudi mlimani. Kila asubuhi akishakunywa chai anapanda, anaweka mguu kwenye breki, na hashuki. Anasema tumekwama katikati ya mlima na mzigo wa saruji, rejeta inachemka, breki ya mkono imekufa, na mtu akifanya mchezo tutarudi nyuma wote. Jiwe letu jeusi bado liko nyuma ya tairi, na kazi yangu ni ile ile ya utotoni, kukaa mlangoni tayari kuruka. Nikiinuka kwenda kushona ananishika gauni. Anauliza, "Jiwe lipo?" Nikijibu lipo, anatulia kidogo, halafu anauliza tena. Hata sijui ananiulizia mimi au analiulizia lile jiwe lenyewe. Mradi najibu, lipo.

Sasa jambo lenyewe. Yule shoga yangu niliyejifunza naye ushonaji amefungua karakana ya sare za shule mjini kwake, safari ya siku nzima kutoka hapa. Anataka niwe mkata vitambaa wake mkuu, na nafasi ameniwekea mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Honi, kukata kitambaa ndicho kitu pekee ninachokijua kuliko wenzangu, na tangu nizaliwe hakuna aliyeniita kwa kazi isiyokuwa ya kushikilia kitu kisirudi nyuma. Mlezi wa kuajiriwa Baba hamtaki. Wa kwanza alimfukuza kwa spana. Anataka mtoto wake. Njoo ukae naye. Nijibu hilo moja tu, mengine utanihadithia baadaye.

Dada yako,
Jiwe


16 Machi 1997

Kwa Dada Jiwe,

Shikamoo dada. Barua yako ilichelewa, au mimi ndiye niliyechelewa, tugawane lawama. Ni mzima. Kazi ya kumwendesha tajiri huku ugenini ni barabara tu, leo huku kesho kule. Hata sasa nakuandikia juu ya usukani, nimeegesha kidogo kivulini. Kuna mlinzi wa geti hapa anamenya chungwa kwa ganda moja refu bila kulikata, nikamkumbuka marehemu Mama.

Nilipofika kwenye neno mlima nilicheka peke yangu ndani ya gari. Dada, kulikuwa na raha kama ile? Baba kwenye usukani, kofia ameigeuza nyuma mbele. Mama katikati, mimi mapajani kwake, wewe mlangoni. Miguu yangu juu ya kifuniko cha injini, joto linapanda mpaka magotini. Madirisha wazi, vumbi linaingia na hakuna anayejali. Tukifika mlimani rejeta inachemka, Baba anasimama, anaita jiwe, na wewe umesharuka, jiwe liko nyuma ya tairi kabla hajafunga mdomo. Ndivyo ulivyopata jina. Maji yakishatiwa anaingiza gia ya kwanza, lori linajivuta, anapaza sauti, "Toa jiwe." Na kwa kuwa lori lenye mzigo ule likisimama tena haliondoki, hasimami. Wewe unalibeba jiwe unatufuata kwa miguu, na mimi nimeruhusiwa kubonyeza honi njia nzima ili ujue tuko kona gani. Na mimi ndivyo nilivyopata langu. Kileleni Baba anazima injini na kusema kichekesho chake: "Watu husema aliye juu mngoje chini. Sisi, aliye chini tumngoje juu." Mama anacheka kana kwamba ndiyo kwanza anakisikia.

Hatukuwa na kitu, na hatukujua kwamba hatuna. Siku hizi watoto wa tajiri wanakaa kiti cha nyuma, kila mmoja na dirisha lake limefungwa, wala hawaulizi tunakwenda wapi.

Kuhusu kuja tutaangalia, unajua tena kazi za barabarani. Mpe Baba salamu. Mwambie asikanyage breki sana, zitaungua.

Mdogo wako,
Honi


6 Aprili 1997

Mdogo wangu Honi,

Marahaba. Bati limezibwa kwa lami na kipande cha ndoo. Kuku ameangua, na vifaranga wanalala kwenye kiti cha Mama. Baba hawafukuzi, anasema ni abiria.

Barua yako nimeisoma juu chini nikitafuta jibu langu. Nimekuta chungwa.

Kwa kuwa umependa kukumbuka, basi tukumbuke wote. Wewe mlima uliuona kwa mbele, kupitia kioo. Mimi niliuona nyuma ya lori. Jiwe lilikuwa la moto kwa jua, nikalibeba tumboni, na kila gauni langu lilichanika mahali pamoja. Viraka vyangu ndivyo vilivyonifundisha kushona. Vumbi lenu nililila mimi. Na nilikuwa naogopa. Siogopi nyoka wala wezi, naogopa kwamba nikifika juu hamtakuwepo. Kila kona nasikiliza honi. Ukinyamaza, nakimbia na jiwe tumboni huku nalia, halafu nafuta machozi kabla ya kona ya mwisho ili Mama asiyaone.

Sikatai, nilifurahi pia. Nikifika, Baba ananiinua mimi na jiwe langu kwa pamoja. Mama mlango ameuacha wazi tangu walipofika, hataki ufungwe mpaka nimekaa. Nilijiona mimi ndiye niliyelipandisha lori. Kama nisingefurahi leo ingekuwa rahisi, ningemwachia Baba breki yake nikaenda zangu.

Juzi alisema rejeta imekauka. Nikashuka na ndoo, nikamimina maji mahali ambapo hapana rejeta. Yakatoka yote chini, kuku wakaja kunywa. Baba akasema vizuri, sasa inatulia. Jirani alikuwa anachungulia juu ya ua, nikampungia mkono, ningefanya nini. Wateja wangu wamepungua mpaka nawajua kwa kikohozi. Kilichobaki nashonea humo humo ndani ya lori, kwa mkono, Baba ameshika upindo wa gauni.

Sikuomba kumbukumbu, niliomba mtu. Unakuja au huji?

Jiwe


11 Mei 1997

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilinichoma, nikaikunja nikaiweka chini ya kiti cha gari. Ndiyo maana nimekawia.

Huku salama. Joto limezidi, gari likikaa juani usukani haushikiki. Mlinzi amenunua redio, lakini inashika kituo kimoja tu, na kituo chenyewe ni cha matangazo ya vifo. Safari zimekuwa nyingi mno, hata siku ya kupumzika sijaiona.

Nimefikiria jambo. Kwa nini usimwambie Baba kwamba tumefika? Mwambie kwa furaha, fungua mlango, shuka, naye atashuka. Mtu akiambiwa amefika anashuka. Mimi mwenyewe ningeshuka.

Unaikumbuka siku ya mvua, zile fimbo za kufutia kioo zilipokufa? Baba alizifunga kamba, moja akampa Mama, moja akanipa mimi, tukawa tunavuta kwa zamu mpaka nyumbani. Wewe ulikuwa umelala mlangoni, jiwe umelipakata. Kamba ile bado naisikia kiganjani. Sikuwahi tena kuwa na kazi muhimu kama ile.

Usinikasirikie. Nikitulia nitaandika vizuri.

Honi


25 Mei 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Jirani amejifungua mtoto wa kike, mama na mwana wazima, nimewashonea kifuniko cha kitanda. Bati linavuja upande wa pili.

Nilifanya ulivyosema. Nilifungua mlango, nikasema kwa furaha, Baba, tumefika. Akatazama nje. Akatazama kiti cha katikati penye vifaranga. Akasema, "Tungekuwa tumefika, mama yako angekuwa ameshacheka." Nikapanda tena nikafunga mlango.

Sasa na mimi nikuulize. Kila barua uko safarini, leo huku kesho kule, lakini mlinzi ni yule yule. Mwezi wa tatu anamenya chungwa, mwezi wa tano amenunua redio. Au unasafiri naye? Mimi ni mkata vitambaa, Honi. Vipande viwili vikitoka jora moja navijua hata gizani. Usinitie mchanga wa macho. Wewe huendeshi, umekaa ndani ya gari lililosimama, kama mimi. Na ule mstari wako, mimi mwenyewe ningeshuka, haunitoki kichwani. Nani amekukataza kushuka?

Shoga yangu ameandika kwa mara ya mwisho. Mwezi wa sita ukiisha anampa mwingine, wala simlaumu. Nikiikosa nafasi hii nitazeekea kwenye kiti cha abiria, na siku Baba atakapoondoka sitajua pa kwenda. Nampenda. Kuna asubuhi natamani asiamke. Yote mawili nayasema kwa kinywa kimoja, na sina mwingine wa kumwambia.

Utotoni nilikuwa sikuoni lakini nakusikia. Sasa nimebeba jiwe na honi siisikii.

Dada yako


15 Juni 1997

Dada Jiwe,

Shikamoo. Umeshona, hukuacha uzi.

Kweli siendeshi. Asubuhi nampeleka tajiri ofisini, jioni namrudisha, na katikati nakaa ndani ya gari kwenye maegesho, maana anataka akitoka anikute, na hajui atatoka saa ngapi. Hata kwenda chooni namuaga mlinzi. Hati yangu ya kusafiria imo kwenye droo yake tangu nilipofika. Alisema ni kwa usalama. Kila nikiomba ruhusa ya kuja, jibu ni mwezi ujao. Sikukuandikia haya kwa sababu huko kwetu mimi ndiye niliyefika mbali. Ningekuambiaje kwamba nimefika mbali nikaegeshwa?

Barua yako nilikaa nayo. Halafu Jumatatu, baada ya kuambiwa tena mwezi ujao, nilirudi garini. Pale honi ni marufuku. Tajiri hapendi kelele, hata mlango anataka ufungwe taratibu. Nikaweka kiganja katikati ya usukani, nikabonyeza, sikuachia. Mlinzi akaja kugonga kioo. Watu wakajaa madirishani. Mimi nilikuwa nakuona wewe kwenye kona ya pili, na lile gauni lenye kiraka. Tajiri akateremka mwenyewe, anatweta, akauliza nina wazimu gani. Nikasema nataka hati yangu. Akasema niachie honi kwanza. Nikasema hati kwanza. Mlinzi, ambaye sijawahi kumwona akicheka, aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Hati ninayo, kazi sina. Barua hii ikinitangulia, andaa mkasi wako. Ikichelewa, nitaisoma mwenyewe mlangoni.

Honi


13 Julai 1997

Mdogo wangu Honi,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Nimefika, nimepokelewa, na meza niliyopewa ni ndefu kuliko chumba changu cha nyumbani. Nakata vitambaa vya bluu kutwa nzima. Wasichana wa cherehani wananiita Mama Mkasi, na wakidhani sisikii wanasema mkono wangu haukosei. Kitanda ni kizuri. Usingizi ndio sina.

Asubuhi ile sikuaga vizuri. Wewe ulikuwa umeshakaa kwenye kiti changu, mimi nimesimama nje, na Baba amejinyoosha mbele yako kuning'ang'ania gauni kupitia dirishani. Nilikuwa nasema moyoni, akiniambia bado, siondoki. Akatazama mbele. Akaingiza gia, akasema, "Toa jiwe." Na mimi nikatii, kama nilivyotii siku zote. Akaachia gauni ili ashike usukani kwa mikono miwili, nikazunguka nyuma, nikalichomoa. Sikujua la kulifanyia, nikalitia kwenye mfuko wangu wa nguo nikaondoka nalo mpaka stendi. Utingo wa basi aliuliza nimebeba nini kizito hivi, nikamwambia ni jina langu. Sasa linakandamiza vitambaa mezani.

Najua lori halina injini. Najua haliwezi kurudi nyuma. Lakini kila mkasi unapofunga nasikia linarudi, na ninyi mko ndani. Niambie ukweli, usinipe machungwa. Akiuliza jiwe lipo, unamjibu nini?

Dada yako,
Jiwe


17 Agosti 1997

Dada Jiwe,

Shikamoo. Nimechelewa, na safari hii si ujanja. Sikuwa na neno la kukufaa.

Bati linavuja, mimi na lami hatujaelewana. Vifaranga sasa ni kuku, wanagombana kwenye kiti cha Mama. Mtoto wa jirani ameanza kucheka.

Sitakuficha, siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Akiuliza jiwe lipo, nami nikajibu lipo, ananitazama na kusema wewe ni honi, utajuaje. Mguu hautoki kwenye breki mpaka ukavimba. Mimi nilitoka kwenye gari moja lililosimama nikaingia jingine, na kuna siku nilimtamani hata mlinzi na redio yake ya vifo. Mwaka mzima na zaidi umekaa humu, dada, na mimi nakuandikia kwamba kulikuwa na raha.

Juzi asubuhi aliinamisha kichwa, nikadhani amesinzia. Halafu akageuka akanitazama usoni. Akauliza, "Jiwe yuko wapi?"

Soma tena, dada. Hakusema liko wapi.

Nikamwambia, "Ametoa jiwe, Baba. Anapanda kwa miguu."

Akafikiri. Akatazama mlango wako. Akauliza, "Peke yake?" Nikasema ndiyo, peke yake. Akasema, "Basi aliye chini tumngoje juu." Akanyoosha mkono, akazungusha ufunguo ambao haupo. Naapa niliisikia injini ikizimika. Akatoa mguu kwenye breki, taratibu, akashuka mwenyewe, akaomba kiti akae kivulini.

Tangu hapo hajapanda. Anakaa anatazama barabara, anakula akiwa hapo hapo, na uvimbe wa mguu umeanza kupungua. Jana aliniamuru nipige honi ili ujue tulipo. Betri hakuna, nikapiga kwa mdomo, mtu mzima na ndevu zangu. Jirani akachungulia juu ya ua na mtoto wake mgongoni. Nikampungia mkono. Leo nilisahau, akanikumbusha.

Sijui nitakaa hapa mpaka lini, wala sijui kesho ataamkia mlimani au kileleni. Hilo ni langu sasa, niachie. Wewe usikimbie. Jiwe ni zito, na ukichoka liweke chini upumzike, hakuna kitu nyuma yako kinachoteremka.

Jioni nilitaka kufunga mlango wa lori, upande wako, kuku wasiingie. Baba alinikataza. Tumeuacha wazi.

Mdogo wako,
Honi